Nina digrii ya sayansi ya Tanzania: je, nisome masta ndipo nifundishe shule ya kati Marekani?

Swali. Shikamoo mwalimu. Nina digrii ya kwanza ya sayansi, biolojia na kemia, kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sikusomea ualimu. Sasa naishi Houston, Texas. Nina kadi ya kijani niliyoipata kwa bahati nasibu ya viza, na nafanya kazi ghalani zamu ya usiku. Nataka kufundisha sayansi darasa la sita hadi la nane. Mmoja kaniambia bila masta sipati kazi hiyo, mwingine kasema masta ni kupoteza hela. Mume wangu huenda akahamishiwa Georgia ndani ya miaka miwili. Nianzie wapi?

Jibu. Marahaba mdogo wangu. Wote wawili wamekosea, na kosa lao ni moja: wanazungumzia shahada wakati kinachokufungulia mlango wa darasa ni leseni. Katika shule za umma za Marekani, leseni ya ualimu hutolewa na jimbo. Chuo hakikupi leseni. Chuo kinakupa mafunzo, kisha kinaliambia jimbo kwamba umeyamaliza na unafaa kupewa. Majimbo yote yanataka shahada ya kwanza, na hiyo unayo. Masta ni njia mojawapo ya kupata mafunzo ya leseni ukiwa tayari una digrii. Ni njia nzuri, lakini si ya lazima kuanzia kazi Texas wala Georgia.

Jimbo linalokubana kweli ni kama New York: unaanza na cheti cha awali cha miaka 5, na ili upate cheti cha kudumu ni lazima ndani ya muda huo uwe na shahada ya uzamili pamoja na miaka 3 ya kufundisha. Aliyekuambia bila masta hupati kazi huenda alisikia habari za huko.

Jambo la pili ni jina lenyewe la shule. Wazee wetu wa Tanganyika waliijua shule ya kati ya darasa la tano hadi la nane. Marekani kwa kawaida ni la sita hadi la nane, watoto wa miaka 11 hadi 14. Lakini leseni haifuati mipaka ya jengo. Texas na Georgia hutoa leseni ya darasa la 4 hadi la 8, North Carolina la 6 hadi la 9, New York la 5 hadi la 9. California haina leseni ya peke yake ya shule ya kati. Huko unachukua ya somo moja au ya masomo mengi. Kwako wewe hii ni habari njema: majimbo yako mawili yanalingana ngazi. Unachotafuta ni leseni ya sayansi, darasa la 4 hadi la 8. Liandike hilo mahali unapoliona kila siku, kwa sababu maofisa wa udahili watakupa majina mengi yanayofanana nalo.

Masta ipi, kama ni masta

Hapa ndipo watu wanapoungua. Shahada za uzamili za elimu ziko za aina mbili, na majina yake yanachanganya. MAT, yaani masta ya kufundisha, kwa desturi imetengenezwa kwa mtu kama wewe: ana digrii ya somo, hana ualimu, anatafuta leseni yake ya kwanza. M.Ed., yaani masta ya elimu, kwa kawaida ni ya mwalimu ambaye tayari yuko kazini na anataka kupanda, awe mkuu wa shule, mtaalamu wa mitaala au wa kusoma. Lakini vipo vyuo vinavyotoa M.Ed. yenye leseni ndani yake, na zipo shahada zenye neno ualimu kwenye jina zisizo na leseni hata kidogo. Mtu anasoma miaka miwili mtandaoni, anahitimu kwa alama za juu, anaomba kazi, anaulizwa: leseni iko wapi? Anaambiwa aanze upya na mafunzo ya leseni. Hiyo hasara hairudishwi na mtu.

Kwa hiyo usiulize chuo, "Je, programu yenu ni ya ualimu?" Uliza hivi, kwa barua pepe ili jibu libaki kwa maandishi: "Nikimaliza programu hii, je, mtanipendekeza kwa jimbo la Texas kwa leseni ya kwanza ya sayansi darasa la 4 hadi la 8? Na je, programu inatimiza masharti ya Georgia?" Kanuni za serikali ya shirikisho zinavitaka vyuo vinavyopokea fedha za misaada ya wanafunzi vieleze programu zao za leseni zinatimiza masharti ya majimbo gani. Jibu lipo. Ukiona wanalikwepa, au wanakuambia uwasiliane na jimbo mwenyewe, ondoka.

Kisha kagua ithibati, na ziko mbili. Ya kwanza ni ya chuo kizima. Kwa Texas na Georgia chombo kinachohusika na vyuo vingi ni SACSCOC. Ya pili ni ya kitengo cha ualimu: CAEP, iliyozaliwa 2013 kwa kuunganishwa kwa vyombo viwili vya zamani, au AAQEP. Ya kwanza usiifanyie mchezo kabisa. Bila hiyo hupati mkopo wa serikali, na jimbo jingine linaweza kuikataa shahada yako. Ya pili inasaidia, lakini kibali cha jimbo kwa programu ile ndicho kikubwa zaidi.

Kipo kipimo kingine ambacho waombaji wengi hawakijui. Sheria ya Elimu ya Juu, katika sehemu yake ya pili, inavitaka vyuo vya ualimu viripoti kila mwaka ni wahitimu wangapi wamefaulu mitihani ya leseni, na taarifa hizo ziko wazi kwa umma. Zisome kabla hujalipa ada ya maombi. Chuo chenye matangazo mazuri na ufaulu duni kinakwambia kitu.

Programu ya MAT mara nyingi ina krediti 30 hadi 45. Ukisoma muda wote utamaliza ndani ya miezi 12 hadi 18. Ukisoma jioni, miaka miwili hadi mitatu. Ndani yake utakuta makuzi ya mtoto anayeingia balehe, mbinu za kufundishia sayansi, upimaji, kufundisha kusoma na kuandika ndani ya somo lako, wanafunzi wanaojifunza Kiingereza, na elimu maalumu. Hiyo ya mwisho usiichukulie kama nyongeza. Tangu sheria ya 1975, mtoto mwenye ulemavu ana haki ya mpango wake binafsi wa elimu, unaoitwa IEP, na mpango huo ni hati ya kisheria. Ukiandikiwa kwamba mwanafunzi apewe muda wa ziada kwenye mtihani na usimpe, umevunja sheria, hata kama ulisahau tu.

Karatasi zako za Tanzania

Kabla ya kuomba chuo chochote, digrii yako inatakiwa ikaguliwe na taasisi ya kutathmini vyeti vya nje. Chagua iliyo mwanachama wa NACES, umoja wa taasisi hizo, kama WES au ECE, lakini uliza kwanza chuo na jimbo wanakubali ipi. Ukitumia wasiyoikubali unalipa mara mbili. Agiza tathmini ya somo kwa somo. Ile ya jumla, inayosema tu kwamba digrii yako ni sawa na ya Marekani, ni rahisi zaidi lakini haitakufaa, kwa sababu jimbo linataka kuhesabu krediti za sayansi moja moja.

Digrii yako ni ya miaka 3, ya Wamarekani ni ya miaka 4. Wapo wanaoiona hiyo kama kasoro. Wewe ulisoma kidato cha tano na cha sita kabla ya chuo, jumla miaka 13 ya shule, wakati wao husoma 12. Kwa hiyo ambatanisha cheti cha kidato cha sita cha NECTA hata kama hukuombwa. Bila cheti hicho mkaguzi anaona miaka 3 tu mezani.

GPA nayo ina mtego. Kwenu alama ya juu ni 5.0, huku ni 4.0. Vyuo vingi vya MAT vinataka 3.0 ya hapa, vingine hupokea 2.75 kwa masharti. Usijigawie hesabu mwenyewe kwenye fomu. Ukiandika 3.6 yako kama ilivyo, ofisa ataisoma kwa kipimo cha 4 na baadaye utaonekana umedanganya; ukiigeuza kwa uwiano wa kawaida utajipunja, maana mkaguzi anaweza kutafsiri alama za kila somo kwa jedwali la nchi. Andika "3.6 kati ya 5.0" na uache tathmini izungumze.

Kuhusu Kiingereza, chuo kinaweza kukudai mtihani wa TOEFL au IELTS. Omba barua kutoka chuo chako inayothibitisha kwamba lugha ya kufundishia ilikuwa Kiingereza. Vyuo vingi hukubali. Leseni ya jimbo ina kanuni yake peke yake ya Kiingereza kwa waliosoma nje, kwa hiyo swali hilo liulize mara mbili, kwa chuo na kwa jimbo.

Sasa tazama transkripti yako kwa jicho la mkaguzi. Botania, zuolojia, jenetiki, kemia hai na isiyo hai: hapo umejaa. Sayansi ya shule ya kati, hata hivyo, ina viumbe hai, maada na nishati, na dunia pamoja na anga za juu. Georgia imezigawa wazi: darasa la sita sayansi ya dunia, la saba viumbe hai, la nane fizikia na kemia. Texas huzichanganya kila mwaka. Maana yake ukiwa Georgia unaweza kuajiriwa Agosti ukapewa darasa la sita, na mwaka wako wote ukawa miamba, tabaka za dunia, hali ya hewa, awamu za mwezi. Hukuyagusa hayo tangu jiografia ya sekondari. Chukua kozi moja ya jiolojia na moja ya astronomia katika chuo cha jamii cha karibu nawe, karo yake ni ndogo kuliko ya uzamili. Kozi hizo zitaziba pengo la krediti na zitakusaidia kwenye mtihani wa leseni.

Mitihani

Majimbo mengi hutumia Praxis. Texas ina yake, TExES, na Georgia ina yake, GACE. Kwa Texas utafanya mtihani wa sayansi 4 hadi 8 na ule wa ualimu na wajibu wa kitaaluma. Ukichagua leseni ya sayansi peke yake unaepuka mtihani wa sayansi ya kufundisha kusoma, ambao hudaiwa kwa leseni ya masomo yote ya 4 hadi 8. Ni sababu mojawapo ya kutokubali ushauri wa "chukua masomo yote, utapata kazi haraka." Mwalimu wa sayansi anatafutwa tayari.

Texas inakuruhusu kurudia mtihani mmoja mara nne tu baada ya jaribio la kwanza. Usiende "kuuonja" mtihani. Fanya kwanza mtihani wa mazoezi wenye muda kamili. Ukikosea maswali mengi ya dunia na anga, ahirisha. Programu nyingi hazitakuruhusu kuanza mazoezi ya kufundisha kama hujafaulu mtihani wa somo, na hapo mwanafunzi hupoteza muhula mzima kwa sababu ya pointi chache.

Utasikia pia habari za edTPA, jalada la video na maandishi lililokuwa likiwatesa wanafunzi wa ualimu. Georgia iliifuta 2020, New York na New Jersey 2022. Usimlipe mtu kukufundisha edTPA kabla hujahakikisha kwamba jimbo lako linaitaka.

Mazoezi ya kufundisha, moyo wa mambo yote

Ukiniuliza kwa nini mtu alipie masta badala ya njia ya mkato, jibu langu ni hili: kufundisha chini ya jicho la mwalimu mzoefu. Kwa kawaida ni wiki 12 hadi 16, siku nzima, siku tano kwa wiki, na mara nyingi bila malipo. Wewe umesomeshwa katika mfumo mwingine kabisa. Hujawahi kukaa hata siku moja ndani ya darasa la saba la Kimarekani. Wiki hizo utazihitaji kuliko mtu aliyezaliwa hapa.

Wiki ya kwanza na ya pili unatazama na kujifunza majina. Kisha unachukua kipindi kimoja, halafu viwili, na kufikia katikati unabeba siku nzima, wanafunzi mia na zaidi kwa zamu. Wiki za mwisho unarudisha vipindi kidogo kidogo. Ombi la kupangiwa shule hupelekwa muhula mmoja kabla, pamoja na alama za vidole na ukaguzi wa rekodi za jinai. Tarehe hiyo ikikupita, unasubiri miezi mingine.

Hebu tuangalie somo moja kwa karibu. Darasa la saba, dakika 50, wanafunzi 28, mada ni densiti. Mwalimu aliyelelewa kwa ubao na chaki ataanza na fomula, ataifafanua dakika 25, atatoa mifano mitatu. Kufikia dakika ya 12 nusu ya darasa haiko naye tena: mmoja anagonga meza, wawili wanasukumana, mwingine anaomba kwenda chooni. Hapo mwalimu anapandisha sauti, na somo limekwisha.

Lipange hivi. Wanapoingia, swali liko tayari ukutani: "Makopo mawili ya soda, ujazo sawa, moja ya sukari, moja isiyo na sukari. Tukiyatia majini, nini kitatokea? Andika sababu." Dakika 5, kimya, wewe umesimama mlangoni ukiwasalimia kwa majina. Kisha maelekezo, hatua nne fupi, yakiwa yameandikwa, nawe unamtaka mwanafunzi mmoja ayarudie kwa maneno yake. Hapo ndipo unapogawa vifaa, si kabla. Ukitanguliza ndoo za maji, hakuna atakayesikia maelekezo. Makundi 7 ya watoto wanne, ndoo 7, makopo 14, mizani, na kila mtoto ana kazi yake: anayepima, anayeandika, anayeleta vifaa, anayetazama saa. Kopo la sukari linazama, la pili linaelea, na wanapiga kelele za mshangao; kelele hizo ni za somo, ziache. Dakika 15 baadaye vifaa vinarudi, na sasa ndipo fomula inapoingia, ikijibu swali ambalo tayari wanalo. Dakika 5 za mwisho kila mmoja anaandika jibu la swali moja kwenye kipande cha karatasi na kukukabidhi akitoka. Karatasi hizo 28 ndizo zinazokwambia kesho uanzie wapi.

Msimamizi kutoka chuo atakapokaa nyuma ya darasa ataangalia hasa mambo matatu: mpito kati ya hatua hizo, maswali unayouliza, na unavyofanya mtoto anapokaidi. Kwenye hilo la tatu utahitaji kubadilika. Mtoto wa hapa atakutazama machoni na kukuambia hakubaliani nawe; mara nyingi haoni kama amekukosea adabu. Mwingine, hasa kutoka familia za wahamiaji, atatazama chini kwa heshima, na mwalimu mwenzako atadhani anaficha kitu. Wewe utawaelewa wote wawili, na hiyo ni hazina uliyo nayo. Viboko havina nafasi yoyote katika mafunzo yako, hata katika majimbo ambako sheria bado haijavifuta. Badala yake: sogea karibu naye, sema jina lake kwa sauti ya chini, mpe chaguo mbili, ondoka umpe nafasi ya kutii bila kuaibika mbele ya wenzake. Kwa mtoto wa miaka 13, aibu mbele ya wenzake ni kubwa kuliko adhabu yoyote utakayompa.

Wanaoanguka katika mazoezi haya mara chache huangushwa na somo. Huangushwa na kuchelewa, maandalio ya somo yasiyowasilishwa kwa wakati, na kubishana na mwalimu mwenyeji. Na huangushwa na uchovu. Zamu ya usiku ghalani na mazoezi haviwezekani pamoja, na hapo tuseme ukweli bila kuupamba. Lazima uwe na akiba ya miezi minne, au uchague njia inayolipa.

Njia zinazolipa, na fedha

Njia ya kwanza ni ukaazi wa ualimu: mwaka mzima ndani ya darasa la mwalimu mzoefu, ukipewa posho, na masta ikiwa ndani yake au krediti zikihesabiwa kuelekea huko. Boston Teacher Residency, iliyoanza 2003, ni mfano wa mwanzo unaojulikana, na wilaya nyingi za shule zina ukaazi wao. Ukiupata, nauweka juu ya njia nyingine zote. Fahamu tu kwamba huambatana na ahadi ya kufundisha wilaya hiyo kwa miaka kadhaa, na wewe unaweza kuhamia Georgia. Soma mkataba unasema nini kwa anayeondoka mapema.

Njia ya pili ni leseni mbadala, na Texas inazo programu nyingi sana za namna hii. Unaingia ukiwa na digrii na GPA ya 2.5 ya hapa, pamoja na krediti 12 za somo lako, au 15 kama ni hisabati au sayansi ya kuanzia darasa la saba. Asiyetimiza krediti hizo anaweza kuingia kwa kufaulu mtihani wa somo. Kisha unaajiriwa kwa cheti cha muda, unalipwa mshahara wa mwalimu tangu siku ya kwanza, huku ukisoma jioni na ukitembelewa na msimamizi. Ubaya wake ni huohuo: tangu siku ya kwanza darasa ni lako peke yako. Ukiifuata, chagua programu inayokupa saa nyingi za kutazama na kufundisha kabla ya Agosti, na uombe kazi ya mwalimu msaidizi au ya kushika nafasi ya mwalimu asiyekuwepo sasa hivi, hata kwa miezi mitatu. Kama itabidi uhame, jitahidi usivuke mpaka na cheti cha muda. Cheti kamili cha Texas huhamishika kwa urahisi zaidi; Georgia itakudai mambo yake machache, ikiwemo mtihani wa maadili ya walimu.

Fedha sasa. Kwa kuwa una kadi ya kijani, una haki ya misaada ya serikali ya shirikisho kama raia. Mwenye viza ya mwanafunzi hana. Jaza FAFSA, fomu ya kuombea misaada hiyo, mapema. Mkopo wa moja kwa moja kwa mwanafunzi wa uzamili ni hadi dola 20,500 kwa mwaka, mradi usome angalau nusu ya mzigo kamili. Ule mkopo wa ziada wa PLUS wa wanafunzi wa uzamili umefungwa kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026, kwa hiyo mtu asikupigie hesabu za zamani. Programu ya krediti 36 kwa dola 400 ni dola 14,400. Kwa dola 1,100 ni 39,600. Jimbo halitakupa leseni bora kwa sababu ulilipa ile ya pili.

Ipo ruzuku ya TEACH. Kisheria ni hadi dola 4,000 kwa mwaka, ingawa makato ya bajeti yameishusha hadi dola 3,772 kwa miaka ya karibuni, na kwa uzamili mwisho wake ni dola 8,000. Inataka GPA ya 3.25 au alama za juu katika mtihani wa udahili, na ahadi ya kufundisha somo lenye uhaba, sayansi likiwemo, katika shule ya watoto wa kipato cha chini, miaka 4 ndani ya miaka 8 baada ya kumaliza. Usipotimiza, ruzuku yote inageuka mkopo, na riba inahesabiwa tangu siku uliyopokea hela. Wengi hawakuangushwa na kufundisha. Waliangushwa na fomu ya uthibitisho ya kila mwaka. Kama utaichukua, weka tarehe hiyo kwenye simu na utunze nakala ya kila karatasi.

Ukikopa, upo pia msamaha wa mkopo wa walimu: baada ya miaka 5 mfululizo katika shule ya kipato cha chini, hadi dola 17,500 kwa mwalimu wa hisabati au sayansi wa ngazi ya sekondari, na 5,000 kwa wengine wengi. Hapo uliza swali mahususi: je, jimbo hili linahesabu darasa langu kuwa sekondari? Jibu linaweza kukupotezea dola 12,500.

Na masta inakulipa nini baadaye? Mei 2024 mshahara wa katikati wa mwalimu wa shule ya kati Marekani, yaani nusu wanapata zaidi na nusu pungufu, ulikuwa dola 62,970 kwa mwaka. Shahada ya uzamili inabadilisha namba hiyo kulingana na mahali tu. Georgia ina jedwali la jimbo lenye ngazi: T-4 kwa digrii ya kwanza, T-5 kwa uzamili, na tofauti inalipwa kila mwaka wa maisha yako ya kazi. Jedwali la chini la Texas linahesabu miaka ya kazi, halijali shahada. Wilaya zenyewe huongeza kidogo, au haziongezi. North Carolina ilikomesha nyongeza ya masta kwa walimu wapya tangu 2013.

Kwa hiyo ningekuwa wewe ningefanya hivi. Ningetafuta ukaazi Houston kwanza. Nikiukosa, na kama uhamisho wa Georgia ni jambo la uhakika, ningesubiri kuanza masta hadi nifike huko na kukaa muda wa kutosha kulipa karo ya mkazi, kwa sababu ni Georgia inayoilipa. Kama uhamisho ni uvumi tu, ningechukua leseni mbadala ya Texas, nikamilishe cheti, kisha nisome uzamili mdogo mdogo nikiwa kazini, tena wa sayansi yenyewe au wa kufundisha sayansi, nisichukue ule wa elimu kwa jumla.

Lakini lolote utakaloamua, kitu kimoja kianze wiki hii, kwa sababu ndicho kinachochukua muda mrefu na hakiko mikononi mwako: transkripti kutoka Dar es Salaam. Inatakiwa itumwe na chuo chenyewe moja kwa moja kwa wakaguzi. Ukiituma wewe itarudishwa. Fungua kwanza akaunti kwa mkaguzi upate namba ya kumbukumbu, mpelekee msajili namba hiyo pamoja na fomu, na umtafute ndugu aliye Dar anayeweza kufika ofisini kufuatilia. Hakikisha jina kwenye digrii, kwenye cheti cha kidato cha sita na kwenye kadi ya kijani ni lilelile. Kama ulibadilisha jina ulipoolewa, weka na cheti cha ndoa.